Ukingo wa picha si mpaka wa kitu

Nimeletewa tena lalamiko lile lile kuhusu Canny, algoriti (hatua za hesabu za kompyuta) inayochora kingo, yaani mahali mwangaza wa picha unapobadilika ghafla: "Canny imekosea, imeliacha bega la mtu na kuchora kivuli chake." Picha ni ya mzee mwenye kanzu nyeupe mbele ya ukuta wa chokaa. Jamani, haijakosea! Pikseli (vinukta vya picha; 0 ni nyeusi, 255 ni nyeupe) za bega ni 212, za ukuta 210. Algoriti haijui mzee wala bega, inajua namba, na kati ya 212 na 210 haina cha kuchora. Kivuli sakafuni kimeshuka kutoka 180 hadi 60, kwa hiyo kimechorwa.

Mpaka wa kitu ni swali jingine kabisa, na gumu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, waliwapa watu kadhaa picha zilezile wachore mipaka ya vitu, wakatoa seti ya data mwaka 2001. Hata hao watu hawakuafikiana kwenye kila mstari. Ukitaka jibu la swali hilo, tafuta mtandao wa neva (programu inayojifunza kwa mifano) uliofundishwa kwa michoro ya namna hiyo, usiilaumu Canny.

Canny yenyewe inafanya nini? Chukua safu hii: 41, 43, 120, 198, 200. Kwa kila pikseli, toa jirani wa kushoto kwenye jirani wa kulia. Penye 43 unapata 79, penye 120 unapata 155, penye 198 unapata 80. Kilele ni 155. Hicho kinabaki, 79 na 80 zinafutwa, ndiyo maana mistari yake ni myembamba. Sobel, kikokotoo kinachotumika sana kupata tofauti hizi, hutoa vivyo hivyo kwenye safu tatu, ya katikati ikihesabiwa mara mbili.

Na hapa ndipo wengi wanapoharibu kazi: wanahifadhi matokeo ya Sobel kwenye biti 8 zisizobeba namba hasi wala zaidi ya 255. Mwangaza ukishuka, tofauti ni hasi, inageuzwa 0, na ukingo umepotea bila onyo lolote. Kitu cheupe kwenye meza nyeusi kitabaki na upande wa kushoto tu. Tena ile 155, safu zote tatu zikifanana, inakuwa 620. Kwenye biti 8 inakatwa kuwa 255. Majirani zake nao, 316 na 320, wanakatwa kuwa 255. Kilele utakijuaje? Hesabu kwa biti 16 au kwa desimali, alama ya kutoa uiondoe mwishoni.

Kutafuta tofauti hukuza chenga (mabadiliko madogo ya nasibu ya mwangaza), kwa hiyo picha hulainishwa kwanza kwa chujio la Gauss, linalochanganya kila pikseli na majirani zake. Ukizidisha, chenga zinaisha lakini ukingo unahama mahali pake na pembe zinakuwa mviringo. Mvutano huo John Canny, aliyebuni algoriti hii, aliuonyesha kwa hesabu mwaka 1986, na hauna dawa.

Vipo pia vizingiti viwili, yaani viwango vya tofauti vinavyoamua ukingo upi ubaki. Pikseli iliyovuka cha juu inakubaliwa. Iliyo kati ya viwili inakubaliwa ikiwa tu imeungana na iliyokubaliwa. Canny alipendekeza cha juu kiwe mara mbili au tatu ya cha chini. Sawa, lakini cha juu chenyewe kiwe ngapi? Wengi wetu tunakisia kwa macho. Kanuni za kukikokotoa kutokana na wastani wa mwangaza zipo, ila sijaona hoja ya kuniridhisha kwamba wastani wa picha nzima unasema lolote kuhusu ukali wa kingo zake. Kamera ikiwa moja na mwanga uleule, jaribu kwenye picha kadhaa kisha ufunge namba. Kamera zikitofautiana, usitegemee kizingiti kimoja.