Uchovu wa Mchana na Maji: Tunayoyaamini na Yaliyo Kweli

“Ukichoka juani, kinywaji cha kuongeza nguvu kitakuinua.”

Dhana hii inaniumiza kuliko zote, kwa sababu wanaoiamini zaidi ni wale wanaotoka jasho kweli: saidia fundi anayebeba zege Dar es Salaam mwezi Februari, kijana wa bodaboda asiyeshuka kwenye pikipiki tangu alfajiri. Jasho likitoka bila kurudishiwa maji, ujazo wa damu hupungua. Moyo hulazimika kupiga haraka zaidi ili kazi ileile ifanyike, na damu ya kupeleka joto kwenye ngozi huwa haba, hivyo mwili unazidi kuchemka. Mtu wa kilo 60 akipoteza kilo 1.2 za maji, yaani asilimia 2 ya uzito wake, mara nyingi kichwa huanza kumuuma, umakini hushuka, na mzigo wa jana leo anauona mzito.

Kafeini ya kwenye kopo hairekebishi hayo. Inachofanya ni kuzuia ubongo usipokee ishara ya uchovu. Mtu anajiona yuko sawa, anaendelea kuendesha, na upungufu uko palepale. Maji ya kawaida, anayokunywa kidogo kidogo tangu asubuhi, na mlo wenye chumvi yake ya kawaida vingemfaa zaidi, tena kwa bei nafuu.

“Lazima glasi nane kwa siku.”

Mwaka 1945 bodi ya lishe ya Marekani ilitaja lita 2.5 kwa siku, ikaeleza kwamba sehemu kubwa ya maji hayo imo tayari kwenye chakula. Maelezo hayo yakasahaulika, idadi ikabaki. Uji, mchuzi, tikitimaji, machungwa, vyote vinahesabika. Chai nayo inahesabika, maana kafeini ya vikombe vichache haimkaushi aliyeizoea. Mkojo wa manjano iliyofifia ni kipimo kizuri kuliko kuhesabu glasi. Wazee wasingoje kiu, kwa kuwa hupungua kadiri umri unavyosonga.

“Maji hayazidi.”

Yanazidi. Katika mbio za marathoni za Boston mwaka 2002, watafiti waliwapima wakimbiaji 488 na kukuta asilimia 13 wana chumvi pungufu kwenye damu, hasa waliokunywa hadi uzito ukaongezeka njiani. Hali hiyo ikizidi, ubongo huvimba, na inaweza kuua.

“Maji baridi hugandisha mafuta tumboni.”

Hapana. Tumbo huyapasha joto upesi.

“Joto hili, mtoto mchanga apewe maji.”

Kabla ya miezi sita, hapana. Maziwa ya mama ni maji kwa karibu asilimia 88. Siku za joto anyonyeshwe mara nyingi zaidi. Maji hujaza tumbo lake dogo na kumnyima maziwa yanayomkuza, na yasipokuwa salama yanamletea kuhara.

“Kunywa maji mengi, uchovu wote utaisha.”

Maji hayana kalori hata moja. Humwondolea uchovu aliyepungukiwa nayo, ila aliyekwisha kutosheka hapati nguvu ya ziada kwa kuongeza lita nyingine. Anayekunywa vizuri, analala vya kutosha, na bado wiki zinapita akiamka amechoka, aende kituo cha afya apimwe wingi wa damu, malaria na sukari. Anayekunywa sana na kiu haikatiki, huku akienda haja ndogo kila mara, asichelewe kipimo cha sukari.