Pasta akinyamaza, mtoto anajua ni zamu yake

Juu kazi yangu ni kusaidia watoto waliochelewa kuongea, wazazi wengi huniuliza mbona wao, ambao mtoto wao ameshaanza kuongea, wanaaibishwa naye kila Jumapili kanisani akiropoka katikati ya mahubiri. Dawa ya kunyamazisha mtoto sina. Sababu ninayo.

Angalia tu vile mahubiri hupangwa. Pasta anapandisha sauti, anauliza swali, halafu ananyamaza ndio neno liingie. Wewe mkubwa unajua hilo swali halingoji jibu, lakini mtoto wa miaka mitatu atajuaje? Hata kabla ya kujua neno moja, mama alikuwa akimwambia "eti nini?" halafu anatulia, na yeye anajibu "aguu", kwa hivyo alishashika mapema kwamba mwenzako akinyamaza, wewe unaingia. Mwaka wa 2009 kuna watafiti walitoa matokeo ya kupima lugha 10 za pande tofauti za dunia, wakapata wastani wa muda kati ya swali na jibu ni kama sekunde 0.2 hivi. Sasa pasta akitulia sekunde tatu nzima, kwa mtoto hiyo ni shida, mtu ameuliza na kanisa lote limemnyamazia! Lazima mtu aokoe jahazi.

Ndio unapata kanisa moja la mabati huko Kayole, pasta anauliza, "Nani hapa hajawahi kuchukua kitu kisicho chake?" Kimyaa. Halafu kutoka viti vya nyuma: "Baba alileta chaja ya ofisi!" Na baba mwenyewe amesimama pale mbele na kikapu cha sadaka mkononi.

Sadaka nayo ina mambo yake. Mtoto wa Nairobi amepanda matatu, ametumwa dukani, anajua ukitoa mia unarudishiwa kitu, kwa hivyo akitumbukiza noti ya mia halafu agome kuondoka hapo, mkono umenyooshwa, usidhani ni uchoyo, anangoja chenji yake.

Kuna pia kunong'ona, na hapa naomba tuwahurumie kidogo. Kunong'ona kunataka nyuzi za sauti kooni zisitetemeke, na mtoto mdogo bado hajamudu vizuri. Anajua kusogea sikioni, anajua kuziba mdomo na mkono, halafu anatoa sauti ile ile ya kuitana kwa ploti: "MUM, HUYU MAMA AKO NA NDEVU!" Kujizuia kusema kitu kimeshafika kwa ulimi nako ni kazi ya sehemu ya mbele ya ubongo, ambayo huendelea kukomaa hadi miaka ya ishirini na kitu, sasa huyo wa chekechea unamdai nini?

Kitu wazazi hawaoni ni kwamba pasta akisema "Mungu ni mwema", hao hao watoto huitikia "kila wakati!" bila kukosea, juu hapo zamu yao ipo na wanaijua. Wape zingine. Keti mbele pia, waone uso wa anayeongea, huko nyuma wanaona migongo na vilemba tu. Na pasta akikatizwa, amjibu tu kwa ufupi, "asante, nimesikia", kwa sababu mtoto akijibiwa, mara nyingi ataridhika aketi, lakini ukimfinya paja utapata kelele ndefu kuliko ile ya kwanza.