Je, wajua kwa nini tungsteni huota manyoya ndani ya plazima?

Ukipita Ngamiani, Tanga, kwenye karakana inayochomelea stenlesi kwa gesi ya agoni, ule mwanga unaomlazimu fundi avae kinyago ndiyo plazima: gesi iliyopata moto hadi atomu zake zikapoteza elektroni. Inaanzia kwenye ncha ya kijiti cha tungsteni, metali inayoyeyuka kwenye nyuzi 3,422 za Selsiasi. Pamoja na ugumu huo ncha huchakaa, na fundi huirudisha kwenye grainda.

Wanaotafuta umeme kwa kuunganisha viini vya atomu wameichagua metali hiyohiyo. Katika mtambo wa ITER unaojengwa kusini mwa Ufaransa, plazima ya hidrojeni inatarajiwa kufika nyuzi milioni 150. Sumaku zitaizuia isiguse kuta, ila inayotoroka itaelekezwa chini, kwenye vigae vya tungsteni.

Wengi hulihofia joto. Mimi kinachonishangaza ni heliamu, gesi pole isiyoungana na chochote, inayozaliwa viini vya hidrojeni vinapoungana. Chembe zake zikiipiga tungsteni huzama kidogo chini ya uso. Metali haizipokei, basi hukusanyana zenyewe, zikasukuma atomu kando hadi kikatokea kiputo. Viputo huongezeka, hupasuka, na metali husukumwa kwenda nje. Uso ukiwa na joto la nyuzi kati ya 700 na 1,700 hivi, huchipua vinyuzi vya upana wa makumi ya nanomita (nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita), vimesokotana kama sufi. Kipande kilichoingia kiking'aa hutoka cheusi tii, maana mwanga ukishaingia humo haurudi. Watafiti wa Japani walilieleza jambo hili mwaka 2006. Manyoya hayo hukua kwa kusuasua: unene ukiongezeka mara mbili, muda umekwenda mara nne.

Si hasara tupu. Atomu inayobanduliwa na plazima mara nyingi hunaswa na kinyuzi cha jirani. Lakini manyoya hayapitishi joto vizuri, na cheche hupenda kuanzia hapo. Cheche zikirusha tungsteni ndani ya plazima, balaa: atomu yake ina elektroni 74, na hata ndani ya moto ule hubaki na nyingi za kutosha kumwaga nishati nje kama mnururisho. Chembe moja kwa kila elfu kumi tayari ni nyingi mno. Plazima hupoa na viini huacha kuungana.