Je, wajua kwa nini zaidi ya theluthi ya stima ya Kenya inatoka chini ya ardhi?

Hili neno stima tunalosema Kenya kila siku, stima imepotea, stima imerudi, asili yake ni steam ya Kiingereza, yaani mvuke, ndo maana hata meli za zamani za mvuke ziliitwa stima. Na sai neno limerudi nyumbani, juu umeme mwingi tunaotumia unatoka kwa mvuke kweli, ule wa Olkaria karibu na Naivasha. Ukipita hifadhi ya Hell's Gate na baiskeli utaona mabomba makubwa yamejipinda kwa vichaka, kitu cheupe kinapanda juu kama moshi, alafu kuna harufu ya yai viza. Huo si moshi, ni mvuke.

Ardhi ya Bonde la Ufa inapanuka polepole sana, kwa hivyo miamba moto imesogea karibu na juu, na maji ya mvua yakipenya kwa nyufa yanachemka huko. Wanachimba kisima cha kilomita 2 mpaka 3, joto la chini linaweza kupita nyuzi 300, mvuke unapanda kwa presha na kuzungusha mtambo. Maji yanayobaki yanarudishwa chini kwa kisima kingine ili chungu kisikauke.

Sasa Bonde la Ufa linapita Ethiopia, linapita Tanzania, mbona Kenya ndo imetangulia hivi? Watu hujibu ni teknolojia, mimi naona ni swali la nani atalipia shimo tupu. Kisima kimoja kinakula mamia ya mamilioni ya shilingi na unaweza kufika chini ukose mvuke, sasa benki gani itakukopesha pesa ya kubahatisha? Olkaria kwenyewe walijaribu kuchimba miaka ya 1950 na hawakupata kitu cha maana, mtambo wa kwanza wa megawati 15 ukawaka 1981, na kufikia 1985 zilikuwa 45 tu. Kisha ukame wa 1999 na 2000 ukaja, mabwawa ya umeme ya Mto Tana yakashuka, tukagawiwa stima kwa zamu, na hapo kila mtu akaelewa hatari ya kutegemea mvua.

Mwaka 2008 serikali ikaunda kampuni ya GDC (Geothermal Development Company), kazi yake kubeba hiyo hasara ya mwanzo, yaani inachimba kwa pesa ya umma na mikopo nafuu, mvuke ukishapatikana na kupimwa ndo mwenye mtambo anakuja. Benki ya Dunia, Japani na Ulaya wakakopesha, na kuanzia 2014 KenGen, kampuni kubwa ya kuzalisha umeme Kenya, ikawasha megawati 280 mpya Olkaria. Menengai, pale Nakuru, GDC inauza mvuke kwa kampuni binafsi, na mtambo wa kwanza wa megawati 35 ulianza 2023. Tanzania nayo iliunda kampuni kama hiyo, TGDC, macho yake yako Ngozi kule Mbeya.

Si kila kitu kilienda sawa lakini, na lazima isemwe. Familia za Wamaasai zilihamishwa kupisha mtambo wa Olkaria IV, wakalalamika mpaka Benki ya Dunia yenyewe ikabidi isikize, na malalamiko yalikuwa mazito, ya ardhi na nyumba na njia za mifugo. Stima safi inayomwacha mwenye ardhi nyuma haijakamilika.

Alafu kuna hii ya usiku. Kisima hakifungwi na kufunguliwa kama bomba la jikoni, mvuke unakuja tu saa zote, na saa nane usiku viwanda vingi vimelala, kwa hivyo mwingine unaachiliwa hewani bure. Inauma kuona. Ndo maana 2023 ikaja bei maalum ya kuchaji magari na pikipiki za umeme, usiku ikiwa nafuu zaidi, ili mtu wa boda achaji akiwa amelala na ule mvuke wa Naivasha umbebee abiria asubuhi.