Utafiti wa kemia si wa wenye uzamili pekee

Wengi Nairobi huamini kwamba utafiti wa kemia ni wa wanafunzi wa uzamili na uzamivu, na kwamba aliyetoka shule ya kutwa isiyo na maabara ya maana asubiri kwanza amalize digrii. Imani hiyo inaeleweka: kuna walioshika bureti, mrija wa kupimia vimiminika, kwa mara ya kwanza karibu na KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari.

Lakini utafiti hugawanywa. Chukua kazi ya kupunguza floraidi, kemikali ya majini inayodhuru meno ikiwa nyingi, na inayozidi katika visima vingi vya Bonde la Ufa na hata baadhi ya visima virefu vya Nairobi. Mifupa ya ng'ombe huchomwa kwenye hewa haba hadi iwe mkaa, husagwa na kuchekechwa, kisha maji hupitishwa humo ili mkaa unase floraidi, na kupimwa upya. Kikomo cha floraidi kinachotumika sana kwa maji ya kunywa ni miligramu 1.5 kwa lita. Mmoja anachoma, mwingine anapima, wa tatu anachora grafu, msimamizi anakagua. Kigumu ni uvumilivu wa kurudia sampuli ileile, na huo hautokani na alama za sekondari.

Ukitaka kuhakikisha, fungua makala za kemia zinazosomwa bure mtandaoni, ushuke hadi sehemu ya shukrani na ya mchango wa kila mwandishi, uone nani alifanya nini. Katika idara ya kemia chuoni, muulize fundi wa maabara. Mara nyingi ndiye anayejua nani anahitaji mikono ya kusaidia. Uliza pia kuhusu posho ya nauli. Kwa anayetoka Kayole au Githurai, nauli humwondoa mapema kuliko kemia yenyewe.