Kito cha akriliki hubeba lawama za gundi

Kito kikidondoka kwenye gauni, wengi husema akriliki, plastiki angavu inayofanana na kioo, haifai. Mimi hukiokota na kutazama mgongo wake kwanza. Vito vingi vya mgongo bapa vimepakwa nyuma utando mwembamba wa rangi ya fedha, na mng'ao wake hutoka hapo: mwanga huingia, hugonga utando, hurudi machoni. Kwa hiyo si kweli kwamba kito hicho hung'aa chenyewe. Utando ukibanduka, kito hubaki kama tone la maji. Na kama umebaki kwenye kitambaa huku kito kikiwa kitupu, gundi ilishika sawasawa. Kilichoachia ni utando.

Dhana kwamba gundi yoyote inafaa ndiyo inayoharibu kazi nyingi kuliko zote. Gundi ya kukauka kwa sekunde hutoa mvuke unaotua kandokando ya kito na kuacha ukungu mweupe. Ikishakauka haipindi, hivyo kitambaa kikikunjwa, inakatika. Gundi nyingine zina viyeyusho vikali vinavyokula ule utando. Tafuta gundi ya vito inayobaki na unyumbufu baada ya kukauka, weka tone dogo, jaribu kito kimoja kwanza, kisha iache kazi ilale bapa kwa muda wote ulioandikwa kwenye chupa. Kuguswa bila kunata si kukauka.

Pasi nayo isikaribie, labda kama vito vimetengenezwa kwa kubandikwa kwa joto. Akriliki huanza kulainika kwenye nyuzi joto 105 hivi za Selsiasi, na pasi hupita hapo kwa urahisi.

"Si kioo cha bei rahisi tu?" Hapana, ni plastiki yenye sifa zake, iliyoingia sokoni mwaka 1933 kwa jina la Plexiglas. Uzito wake haufiki nusu ya uzito wa kioo cha ukubwa uleule. Hereni ndefu zenye vito vikubwa, zikiwa za kioo, huvuta ndewe za masikio kutwa nzima. Hapo akriliki ndiyo chaguo bora, wala hakuna haja ya kuiombea radhi. Ukitaka kuvitofautisha, gusisha kito shavuni: kioo huwa baridi, akriliki haina ubaridi huo.

Wapo wanaosafisha vito kwa asetoni, ile ya kuondolea rangi ya kucha. Asetoni huyeyusha akriliki. Spiriti nayo, ambayo imo pia kwenye manukato mengi, inaweza kuitia nyufa ndogondogo, kwa hiyo jipulizie manukato kabla ya kuvaa mkufu. Maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo na kitambaa laini vinatosha.

Kuhusu kugeuka manjano, akriliki angavu hustahimili jua kuliko plastiki nyingi. Mara nyingi kilichobadilika rangi ni gundi iliyo chini yake, au kito chenyewe kilikuwa cha rezini, plastiki ya aina nyingine. Lawama iliyo ya haki ni moja: huchubuka upesi. Usikichanganye na vito vya kioo au vipande vya chuma kwenye kopo moja.