Yasemwayo Shangani na yaliyotokea studioni: albamu ya Queen ya mwaka 1975

Mgeni anayepita Shangani, mtaa wa Mji Mkongwe wa Unguja, hafiki mbali kabla ya kuoneshwa nyumba ya Freddie Mercury, mwimbaji wa kundi la roki la Queen, na akibadilisha papasi, yaani kijana anayewatembeza wageni, huenda akaoneshwa nyumba nyingine. Habari za nyumba nawaachia wenye nyumba. Ninachotaka kukiandikia hapa ni kile kinachosemwa barazani baada ya nyumba kuoneshwa, yaani namna ilivyotengenezwa albamu ya A Night at the Opera, iliyotolewa na kundi hilo nchini Uingereza tarehe 21 Novemba 1975 na iliyobeba wimbo wa Bohemian Rhapsody, aliotunga Mercury. Katika maneno hayo yapo ya kweli, yapo yaliyotiwa chumvi, na yapo ambayo hayana asili kabisa.

La mwanzo ndilo linalopendwa zaidi kwetu, nalo ni kwamba wimbo huo mkubwa umetokana na taarabu, na kwamba ushahidi umo ndani yake, kwa kuwa inasikika humo bismillahi. Neno hilo limo kweli. Mtoto wa Mji Mkongwe wa dini yoyote amelisikia mara nyingi kuliko anavyoweza kuhesabu, na Farrokh Bulsara, ambaye ndiye Freddie Mercury, aliyezaliwa hapa Unguja tarehe 5 Septemba 1946 kwa wazazi wa Kiparsi, hakuhitaji kufundishwa maana yake. Lakini neno moja halifanyi wimbo kuwa taarabu. Baba yake alikuwa mtunza fedha wa Mahkama Kuu katika serikali ya kikoloni, dini ya nyumbani kwao ilikuwa ya Zoroasta, na mwenyewe alipelekwa skuli ya bweni ya Panchgani, India, akiwa na umri wa miaka 8. Huko ndiko alikojifunza piano na kuunda bendi yake ya kwanza pamoja na wanafunzi wenzake. Alirudi Unguja mwaka 1963, na mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, familia ikahamia Uingereza naye akiwa na miaka 17. Muziki wa wimbo wenyewe hauna ganuni, hauna udi, wala hauna maqamu, yaani mpangilio wa sauti wa muziki wa Kiarabu. Una piano ya kizungu, kejeli ya opera ya Kitaliani na gitaa la roki. Mtunzi hakuwahi kueleza hadharani maana ya mashairi yake, kwa hiyo anayedai kuijua anajisemea mwenyewe. Kwa rai yangu, heshima ya Unguja inatosha kwa kuwa ni mahali pa kuzaliwa kwake, na hakuna haja ya kuongezewa maqamu isiyokuwapo.

Dhana ya pili niliwahi kuiamini hata mimi kwa miaka mingi: kwamba sehemu ya opera iliyo katikati ya wimbo iliimbwa na kwaya kubwa, pengine watu 40 au 50, iliyokodiwa kutoka ukumbi wa opera. Kwaya haikuwapo. Waliimba watu watatu tu, yaani Mercury mwenyewe, mpiga gitaa Brian May na mpiga ngoma Roger Taylor, wala mpiga besi John Deacon hakuwa miongoni mwao. Sauti nyembamba kupindukia, ambazo msikilizaji huapa kuwa ni za mwanamke, ni za Taylor; za chini zilibebwa zaidi na May, na Mercury akajaza katikati.

Kuelewa watatu walivyogeuka kuwa umati, inafaa kukumbuka urikodi wa zamani ulivyokuwa. Siti binti Saad na wenzake walipokwenda Bombay mwaka 1928 kurikodi santuri, waimbaji na wapigaji walikaa pamoja na kutoa wimbo kwa mfululizo, na kilichoingia ndicho kilichouzwa. Aliyekosea alirudia wimbo mzima. Mwaka 1975 mashine za studio zilitumia utepe wenye upana wa inchi 2 uliogawanywa katika njia 24, na kila njia iliweza kubeba sauti yake peke yake bila ya kuzifuta nyingine. Watatu hao walisimama mbele ya maikrofoni wakaimba mstari mmoja kwa sauti moja, wakaurudia katika njia ya pili, wakaurudia tena katika ya tatu, kisha wakaanza sauti iliyo juu yake, na iliyo juu ya hiyo. Njia zilipojaa, fundi alizikusanya zote na kuzihamishia katika njia moja au mbili, nyingine zikabaki tupu, na kazi ikaanza upya.

Hila hiyo ina gharama yake, na hapa wasimulizi wengi huwa wameshachoka kusikiliza. Kila utepe unaponakiliwa juu ya mwingine, mvumo huongezeka na uwazi wa sauti hupungua, kama nguo inayofuliwa kila siku. Zaidi ya hayo, utepe ni plastiki iliyopakwa unga wa rangi ya kahawia, na unga huo ndio unaoshika sauti. Ukipitishwa mno kwenye vichwa vya mashine, unga hubanduka. Roy Thomas Baker, aliyetayarisha albamu hiyo pamoja na kundi lenyewe, amesimulia kuwa utepe wa wimbo huo ulichakaa hadi ukiinuliwa mbele ya taa mwanga unapita. Idadi ya sauti zilizopandikizwa hutajwa kuwa kiasi cha 180. Sehemu ya opera peke yake ilichukua takriban wiki 3, wakiimba saa 10 hadi 12 kwa siku, na kwa mujibu wa Baker kila walipodhani imekwisha, Mercury alikuja na Galileo mwingine wa kuongeza, jina linaloitwa tena na tena katika sehemu hiyo. Utepe uliokuwa umeachwa wazi kwa ajili ya sehemu hiyo ulikuwa mfupi, ukawa unakatwa kwa wembe na kuungwa, ukarefushwa kila siku.

Kinachofuata hapo ni ile hadithi ya kwamba wimbo ulimshukia mtunzi studioni, akakaa kwenye piano na kuumaliza usiku mmoja. Wenzake wanasema kinyume chake. Aliingia studio akiwa na wimbo mzima kichwani, na May amekumbuka namna alivyokuwa akija na vipande vya karatasi kutoka kazini kwa baba yake, vimeandikwa herufi za noti, kisha akizibamiza kwenye piano. Wengine hawakuwa wakiona wapi vipande hivyo vitakutana. Yeye alikuwa akijua. Nakiri kwamba katika habari zote za albamu hii, hizi karatasi za ofisini kwa Bwana Bulsara ndizo zinazonigusa zaidi. Mtu aliyezoea kutunza hesabu za mahkama alikuwa, bila ya kujua, akimtunzia mwanawe noti.

Vijana waliokulia katika zama za kinanda cha umeme husadiki kwamba sauti za ajabu za albamu hii, tarumbeta, klarineti na violini, zilitoka kwenye sintesaiza. Jalada la santuri lenyewe lilikanusha mapema kwa kuandika kwamba haikutumika sintesaiza yoyote, na hawakuandika hivyo kwa bahati mbaya, kwani walijua watu watauliza. Bendi nzima ya jazi inayosikika katika Good Company ni gitaa moja la Brian May, lililorikodiwa kipande baada ya kipande, kila kipande kikiiga ala yake. Gitaa hilo nalo lina habari yake: alilichonga mwenyewe pamoja na baba yake kuanzia mwaka 1963, shingo yake ikitokana na mbao ya meko ya zamani, naye hulipiga kwa sarafu ya Kiingereza ya peni sita badala ya kipande cha plastiki. Katika Seaside Rendezvous, ala za kupulizwa ni midomo ya Mercury na Taylor, na mlio wa viatu vya wacheza dansi ni vidole vyao vilivyovishwa kastabini vikigonga juu ya meza ya mitambo. Katika Love of My Life kipo kinubi cha kweli, kilichopigwa na May, lakini nyuzi zake zilikuwa zikilegea kila mara hata ikabidi apige mkusanyo mmoja wa noti, asimame, akaze nyuzi, kisha apige unaofuata. Vipande hivyo viliunganishwa baadaye.

Kwa sababu jina la Mercury ndilo linalojulikana hapa, watu humpa albamu nzima. Nyimbo ni 12. Aliyotunga yeye ni 5, May alitunga 4 na akapanga muziki wa ile ya mwisho, Taylor alitunga 1 na Deacon 1. Huo mmoja wa Deacon, You're My Best Friend, una piano ya umeme ambayo Mercury hakuipenda na akakataa kuipiga, na Deacon, ambaye kazi yake ilikuwa besi, akaenda nayo nyumbani akajifunza mwenyewe. Hata sifa ya wimbo mrefu kuliko yote si ya Bohemian Rhapsody wenye dakika 5 na sekunde 55; ni ya The Prophet's Song wa May, unaopindukia dakika 8. Na wa Taylor, unaohusu mapenzi ya mtu kwa gari lake, uliwekwa upande wa pili wa sahani ndogo ya Bohemian Rhapsody, ile yenye wimbo mmoja kila upande. Kwa kuwa malipo ya mtunzi wa upande wa pili yalikuwa sawa na ya upande wa kwanza, wimbo ambao wengi hawakuugeuza kuusikiliza ulimletea mtunzi wake fedha nyingi, na jambo hilo likaleta mnong'ono ndani ya kundi.

Fedha, basi. Inasemwa kwamba vijana hao walikuwa matajiri waliokuwa wakicheza na mali. Kweli, albamu ilitajwa wakati huo kuwa ya gharama kubwa kuliko zote zilizowahi kurikodiwa, kiasi cha pauni 40,000, na kazi ilihamahama katika studio kadhaa, kuanzia Rockfield iliyoko mashambani Wales hadi studio za London. Lakini walioingia studioni walikuwa watu wenye madeni. Wimbo wao wa Killer Queen ulikuwa umefika nafasi ya pili Uingereza mwaka 1974, na bado wao walikuwa wakilipwa mshahara mdogo wa kila wiki na uongozi wao wa wakati huo. Walivunja mkataba huo mwaka 1975 na kuingia chini ya John Reid, aliyekuwa pia meneja wa Elton John. Kama albamu ingeanguka, sidhani kama lingebaki kundi la kuzungumziwa. Wimbo wa kwanza wa albamu ni shutuma kali mno, na mwenye kujua mgogoro huo haoni shida kufahamu kwa nini.

Kuhusu redio, hadithi ya barazani ni kwamba kampuni iliyotoa santuri zao ilitambua mara moja kwamba imepata lulu. Kampuni iliona wimbo ni mrefu mno, ikataka ukatwe, na kundi likakataa. Mtangazaji Kenny Everett wa Capital Radio, London, alipewa nakala, akaupiga mara 14 katika siku mbili za mwisho wa wiki, na wasikilizaji wakaanza kuuliza madukani sahani ambayo ilikuwa haijatoka. Ulikaa nafasi ya kwanza Uingereza kwa wiki 9, ukarudi nafasi hiyo hiyo kwa wiki 5 baada ya Mercury kufariki Novemba 1991.

Video yake si ya kwanza duniani, ingawa huandikwa hivyo kila mwaka. Wanamuziki wengine walikuwa wamepiga filamu za nyimbo zao kabla. Hii ilipigwa na Bruce Gowers huko Elstree kwa saa chache tu, kwa sababu kundi lilikuwa likienda ziarani na lilihitaji kuonekana kwenye televisheni bila ya kuwapo.

Imebaki dhana moja ndogo ambayo sijasikia mtu akiisahihisha: kwamba albamu yote ni kazi ya kiangazi na vuli ya mwaka 1975. Kipande cha mwisho, wimbo wa taifa wa Uingereza uliopangwa na May kwa magitaa yaliyorundikwa na ngoma za Taylor, kilirikodiwa Oktoba 1974, karibu mwaka mmoja kabla ya vingine, ili kitumike kufungia maonesho yao jukwaani. Hakina maneno. Hudumu kidogo zaidi ya dakika moja, na katika santuri huja mara tu baada ya gongo la Bohemian Rhapsody kufifia, kwa hiyo mtoto wa mtunza fedha wa serikali ya Mwingereza, aliyeondoka Unguja miaka 10 kabla ya kurikodiwa kwake, hasikiki humo hata kwa sauti moja.